NDOANA IKIRUDI TUPU

Kamera ndani ya maji yaweza kumfundisha nini mvuvi wa Kilombero?

Mtu akikaa ukingoni mwa mto tangu alfajiri mpaka jua la utosi, na ndoana yake ikirudi tupu kila mara, husema moja la maneno mawili. Ama husema, "Samaki leo hawataki." Ama husema, "Mto huu umekwisha, hauna samaki tena." Kisha hukunja mshipi wake, akatupa chambo kilichobaki, akarudi nyumbani. Watoto wake hula ugali na mchicha, na neno lenyewe huishia hapo.

Maneno hayo mawili yanakaribiana masikioni, lakini maana zake ziko mbali sana. Kama samaki wapo na wanakataa, basi kasoro iko katika ndoana, au katika chambo, au katika kivuli cha mvuvi mwenyewe. Na dawa yake ni kujifunza. Bali kama samaki hawapo kabisa, kasoro ni ya kijiji kizima, wala hakuna chambo kiwezacho kuiponya. Mganga asiyeujua ugonjwa huweza kutoa dawa ya tumbo kwa mtu anayeumwa jino. Hali ya mvuvi asiyejua kama mto ni mtupu au samaki ni mkaidi ni hiyo hiyo.

Zamani ilikuwa vigumu kupata hakika, maana jicho la binadamu huishia usoni pa maji. Siku hizi zipo kamera ndogo zisizoingia maji, ambazo hutoshea katika kiganja cha mkono. Mtu huifunga kwenye ufito, akaitumbukiza kando ya ndoana yake, na jioni akaangalia sinema ya mambo yote yaliyotokea huko chini. Vijana wengi huzipenda kwa mchezo. Sisi twataka kuonyesha kwamba mchezo huo, ukifanywa kwa akili, waweza kuwa shule nzuri kwa jamaa zote zinazotegemea mto.

MTO WETU NA MAJIRA YAKE

Kwanza tuukumbuke mto wenyewe. Kilombero hupata maji yake kutoka mito ya Mnyera, Ruhudji na Pitu, ambayo hushuka kutoka nyanda za juu za kusini. Tena hupokea vijito vingi vya milima ya Udzungwa upande mmoja, na vya milima ya Mahenge upande wa pili. Hupita karibu na Ifakara, ukaenda kukutana na mto Luwegu, na hapo ndipo Rufiji inapozaliwa. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji hutoka katika bonde letu. Tarehe 25 Aprili 2002 bonde hili liliingizwa katika orodha ya Ramsar, yaani orodha ya nchi zenye maji ambazo ulimwengu mzima umekubali kuzitunza. Eneo lililoandikwa ni karibu kilomita za mraba 8,000.

Tangu mwaka 2018 tunauvuka mto kwa daraja lenye urefu wa mita 384. Hapo kale tulingoja kivuko, na kungoja kulitupa nafasi ya kutazama maji. Siku hizi gari hupita mbio, na abiria wengi hawageuzi hata shingo.

Lakini samaki bado wanaishi kwa kufuata majira, wala hawajali daraja. Mvua za masika zikishuka, mto hufurika na kutandaa mbugani. Samaki huyafuata maji hayo, maana katika majani yaliyozama mna chakula kingi na mahali pa kuzaa. Maji yakipungua, wazazi na watoto hurudi mtoni na katika mabwawa yasiyokauka. Wandamba, ambao tangu zamani wanasifiwa kwa mitumbwi na uvuvi, waliyajua haya vizuri, ndiyo sababu walitega migono penye njia za samaki wakati wa kurudi.

Majira haya yanamhusu pia mtu anayetaka kutazama chini. Wakati wa masika maji ni mekundu kwa udongo, na kamera haioni hata ncha ya ufito wake. Miezi ya Agosti, Septemba na Oktoba maji hutulia na kuangaza, zaidi katika vijito vya milimani kuliko katika mto mkubwa. Anayepeleka kamera mtoni mwezi wa Aprili atarudi na picha za uji.

WALIOTANGULIA

Kazi ya kupiga picha ndani ya maji si ya jana. Mwaka 1893 Mfaransa aitwaye Louis Boutan alipiga picha chini ya bahari huko Banyuls, kusini mwa Ufaransa, kwa kamera iliyofungiwa katika sanduku lisilopitisha maji. Mwaka 1914 Mmarekani John Ernest Williamson alipiga sinema ya chini ya bahari katika visiwa vya Bahama. Yeye alikaa ndani ya chumba cha chuma chenye dirisha la kioo, kilichoning'inizwa chini ya chombo kwa bomba refu la kupitishia hewa. Mwaka 1956 sinema ya Jacques Cousteau iitwayo Le Monde du silence ilipata tuzo kuu huko Cannes, na watu wengi wasiopata kuona bahari wakashangaa jinsi chini kulivyo na uhai.

Hao wote walikuwa baharini. Kwa upande wetu wa Afrika ya Mashariki, mfano mashuhuri ni chemchemi za Mzima, katika mbuga ya Tsavo Magharibi nchini Kenya. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, Alan Root na mkewe Joan walizamia katika maji yale maangavu, wakapiga sinema ya viboko wakitembea chini kama ng'ombe malishoni. Jambo kubwa walilolionyesha ni ushirika uliopo kati ya kiboko na samaki. Kiboko hula majani nchi kavu usiku, akarudi kutoa mavi majini, na mavi hayo hulisha samaki na wadudu wa maji. Tena samaki humzunguka na kumsafisha ngozi, naye hutulia kama mtu anyolewaye na kinyozi.

Lakini wasomaji wasidhani kwamba viboko ni wapole. Siku nyingine, walipokuwa hapo hapo Mzima kwa kazi ile ile, kiboko aliwashambulia. Jino lake lilivunja kioo alichovaa Joan usoni, kisha akamwuma Alan mguuni na kumjeruhi vibaya sana. Wote wawili walipona. Watu hao walikuwa na ujuzi wa miaka mingi, tena maji ya Mzima ni maangavu kama kioo. Tukumbuke neno hili, maana tutalirudia mwishoni.

WAVUVI WANAOMWACHIA SAMAKI

Huku kwetu, katika mito ya Mnyera na Ruhudji, wamekuwa wakija wageni kutoka nchi za mbali kuvua kwa ndoana. Wanamtafuta hasa samaki mmoja mwenye mwili wa fedha, milia myeusi ubavuni, na meno makubwa yanayoonekana hata akifumba mdomo. Wageni humwita kwa jina la yule mnyama mkali wa Bara Hindi, simba marara. Wataalamu walimpa jina la kitaalamu mwaka 1986, nalo lina jina la nchi yetu ndani yake: Hydrocynus tanzaniae. Ni samaki wa mto Rufiji na matawi yake, na wa mto Ruvu. Kwa ajili ya meno yake, anayemvua hufunga kipande cha waya kati ya ndoana na mshipi, maana uzi mtupu hukatwa mara moja. Mwaka 2011 uvuvi huu ulionyeshwa katika sinema ya kigeni iitwayo Connect, na hivyo watu wa Ulaya na Marekani waliona sura ya mito yetu kabla hawajasikia hata jina la Ifakara.

Jambo linalowashangaza wenyeji ni kwamba wageni hao wakimpata samaki, humpiga picha na kumwachia aende zake. Wengi wetu husema huo ni wazimu: mtu amekuja kwa ndege, amelipa fedha nyingi, amepata samaki wa kulisha nyumba mbili, naye anamrudisha majini! Bali kwa hesabu yao si wazimu. Wao hawakununua nyama, wamenunua mapigano na samaki. Na samaki aliye hai anaweza kupigana tena mwaka ujao.

Hapa kuna neno la kujifunza hata kwa sisi tunaovua kwa ajili ya chungu. Samaki akiinuliwa juu kwa muda ili apigwe picha, matamvua yake hukosa hewa, na mwili wake hupoteza ule ute unaomkinga na magonjwa. Aweza kuogelea akaondoka, kisha akafa baadaye mahali tusipomwona. Ndiyo sababu wavuvi wengi wa namna hiyo siku hizi huizamisha kamera badala ya kumwinua samaki. Basi, nawe ukimpata samaki mchanga asiyefaa kuliwa, lowesha mikono kwanza, mtoe ndoana akiwa majini, umwachie. Usimtupe kwa mbali kama jiwe.

SAMAKI ANAKUONAJE?

Sasa tuingie chini ya maji na kutazama kwa macho ya samaki. Nuru ikiingia majini hupinda. Ndiyo sababu ufito ukitumbukizwa majini huonekana umevunjika. Kwa kupinda huko, samaki anayetazama juu huiona dunia yetu yote ndani ya duara moja, kama mtu aliye ndani ya kisima anavyoona mbingu. Samaki akiwa mita 1 chini, duara hilo lina upana wa mita 2 na zaidi kidogo. Nje ya duara haoni nchi kavu. Huona giza la maji au kivuli cha chini kama katika kioo.

Mtu anayesimama wima ukingoni huonekana wazi ndani ya duara lile. Anayeketi au kuinama mbali kidogo na maji husukumwa ukingoni kabisa mwa duara, akawa mwembamba asiyetambulikana. Wazee waliotufundisha kuchutama na kunyamaza hawakusoma elimu ya nuru, lakini walisema kweli.

Kuhusu kelele, yafaa tutofautishe. Maongezi ya kawaida hayawasumbui sana samaki, maana sauti ya hewani haiingii majini kwa urahisi. Bali kishindo cha miguu, au kasia kugonga mtumbwi, huingia moja kwa moja, na sauti ndani ya maji huenda kwa mwendo wa mara nne na zaidi kuliko hewani. Tena samaki ana mstari ubavuni, tangu kichwani mpaka mkiani, ambao husikia mtikisiko mdogo sana wa maji. Kwa hiyo mtoto anayenong'ona huku akirukaruka hufukuza samaki zaidi kuliko mzee anayesimulia hadithi ametulia.

Kila samaki ana njia yake ya kujua. Kambale hupapasa kwa ndevu zake, naye hutafuta chakula usiku na katika tope. Wale samaki wa mdomo mrefu kama mkonga hutoa umeme mdogo sana, nao hutumia umeme huo kutambua vitu gizani. Perege hutegemea macho. Basi, chambo kimoja na ndoana moja haviwezi kuwafaa wote.

JARIBIO LETU

Mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, vijana wawili wa parokia nami tulifanya jaribio katika kijito kimoja kinachoshuka kutoka Udzungwa, nje ya mipaka ya hifadhi. Kamera tuliazima kwa kijana anayepiga picha za arusi mjini Ifakara. Tuliifunga kwenye mwanzi mrefu, tukaichomeka karibu na ndoana yenye chambo cha nyungunyungu, tukakaa saa nzima. Ndoana ilirudi tupu. Kijana mvuvi akasema, "Leo hawapo."

Jioni tuliiangalia sinema yetu chini ya mwembe, na wazee kadhaa wakaja kutazama. Hawapo? Dakika chache tu baada ya kutumbukiza, samaki wadogo walikuja, wakakidonoa chambo kama kuku wanavyodonoa mtama. Dakika ya tisa ndoana ilikuwa chuma kitupu. Juu yetu mshipi haukutikisika hata mara moja! Yule kijana alivua zaidi ya nusu saa kwa ndoana isiyo na kitu, akingoja kwa subira kubwa. Baadaye alisimama kujinyosha, kivuli chake kikaanguka majini, na samaki wote wakatoweka kama waliofagiliwa. Walikaa dakika sita kabla ya kurudi.

Watu walicheka sana, na kijana mwenyewe akacheka kuliko wote. Mzee mmoja Mndamba alipoulizwa, "Babu, unaonaje?" alijibu, "Wajukuu zangu, hayo mnayoyaona leo kwa macho, sisi tuliyajua kwa mkono." Akatuonyesha jinsi ya kushika mshipi kwa ncha za vidole badala ya kuufunga kwenye ufito, na jinsi ya kukikagua chambo kila baada ya muda mfupi. Siku ya pili tulitumia ndoana ndogo zaidi, tukaketi nyuma ya matete. Tulipata perege wawili wa kutosha mboga.

Lakini tulifanya jaribio jingine ambalo halikumchekesha mtu. Tulipeleka kamera katika bwawa la chini zaidi, mahali ambapo watu huvuta vyandarua karibu kila siku wakati wa kiangazi. Saa nzima kamera ilitazama. Tuliona majani yaliyooza, mchanga, na vifaranga viwili vya samaki virefu kama ukucha. Wazee walinyamaza. Saa moja haitoshi kutoa hukumu, na lazima mtu arudie mara nyingi. Walakini ile picha ya maji matupu ilitukaa moyoni.

SAHANI YA PADRE SECCHI

Je, mtu atajuaje kama kamera haioni samaki kwa sababu hawapo, au kwa sababu maji ni machafu? Kipimo kipo, nacho kilianzishwa na padre. Mwezi wa Aprili mwaka 1865, Padre Angelo Secchi, Mjesuiti na mtaalamu wa nyota wa Roma, alisafiri katika merikebu ya Baba Mtakatifu, akashusha sahani nyeupe baharini kwa kamba na kupima umbali ambao sahani ilipotea machoni. Mpaka leo wataalamu wa maji ulimwenguni hutumia sahani hiyo, nayo huitwa kwa jina lake.

Sisi twaweza kutumia sahani nyeupe ya bati. Funga jiwe chini yake, tia fundo katika kamba kila nusu mita, ushushe polepole ukiwa kivulini. Ikipotea kabla ya nusu mita, usisumbuke na kamera. Ngoja maji yaangaze. Ikionekana mpaka mita 1 au zaidi, fanya kazi. Usitie taa katika maji ya matope, maana udongo hurudisha nuru machoni, kama taa za gari katika ukungu wa milimani. Sogeza kamera karibu na chambo badala yake. Kumbuka pia kwamba kitu kilicho majini, kikitazamwa kwa kioo, huonekana kikubwa kuliko kilivyo, kwa kiasi cha theluthi moja. Usije ukajisifu kijijini kwa samaki wa kioo!

Asiye na kamera asikate tamaa. Chukua ndoo ya plastiki, kata kitako chake, ubandike kioo au plastiki safi kwa gundi isiyoyeyuka. Ukiikandamiza ndoo kidogo juu ya maji, mawimbi na mng'ao wa jua hupotea, nawe huona chini vizuri. Wavuvi wa nchi nyingine wametumia chombo cha namna hii kwa miaka mingi.

KAMA MTO NI MTUPU KWELI

Wataalamu wa samaki wana njia yao ya kuhesabu kwa kamera na chambo. Huiacha kamera kwa muda ule ule, mahali pale pale, kila mara. Hawahesabu kila samaki apitaye, maana mmoja aweza kupita mara kumi. Huitafuta ile picha moja yenye samaki wengi kuliko nyingine zote, wakaandika hesabu yake. Shule zetu za vijijini zaweza kufanya vivyo hivyo: mahali pamoja, saa moja, mara moja kwa mwezi wakati wa kiangazi. Baada ya miaka miwili au mitatu daftari hilo litasema kweli kuliko mabishano ya kilabuni.

Na kama hesabu inapungua, tujiulize kwa nini. Tumtazame perege. Dume huchimba shimo la duara katika maji haba, na jike hutaga hapo. Kisha jike huyakusanya mayai mdomoni mwake, akayatunza humo mpaka yaanguliwe, na hata vifaranga hukimbilia mdomoni mwa mama wakiona hatari. Mvuvi amkamataye jike wakati huo huona vitoto vikimwagika mtumbwini. Huyo hakuvua samaki mmoja. Amevua ukoo mzima.

Chandarua kinachovutwa ukingoni ni kibaya zaidi, maana huchukua hata mayai na vifaranga katika maji haba, palepale penye mashimo ya kuzalia. Hapa Ifakara na bonde lote twajua thamani ya chandarua kuliko watu wengi. Tangu miaka ya 1990 wataalamu wamekichunguza katika vijiji vyetu vya Kilombero na Ulanga, na nyumba nyingi zimeona watoto wakiokoka na malaria kwa sababu yake. Chandarua ni cha mtoto kulalia. Hakikufumwa kwa kuzoa watoto wa samaki. Anayekipeleka mtoni hupata hasara mara mbili: mtoto wake huumwa na mbu usiku, na mwakani hukosa kitoweo.

Sumu nayo ni mbaya kupita yote, maana huua mkubwa na mdogo, na maji hayo hayo hunywewa na watu. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza sumu na baruti. Lakini sheria iliyo mbali haiwezi kulinda bwawa lililo karibu, wenye bwawa wasipokubaliana. Hakuna mkulima mwenye akili apikaye mbegu zake zote. Vijiji vyaweza kupatana kuacha bwawa moja liwe ghala la mbegu, lisivuliwe kiangazi chote, ili masika yakija wazazi watoke humo na kujaza mbuga.

TUSIPOTEZE WATOTO KWA AJILI YA PICHA

Tumalizie na neno zito. Mito yetu ina mamba na viboko. Kijana mwenye kamera husahau dunia; macho yake yamo katika picha, mgongo wake uko wazi. Wazazi wawaambie vijana wao maneno haya bila kuona haya.

Kwanza, kamera iingie majini, mtu asiingie. Tumia mwanzi mrefu, na usimame juu ya ukingo ulioinuka. Pili, usiende peke yako, na mmoja wenu kazi yake iwe kutazama maji tu. Tatu, usirudi mahali pamoja kwa saa ile ile kila siku, maana mamba hujifunza desturi za watu. Nne, acha kazi kabla ya jua kuchwa, na usikae katika njia ya viboko wanapotoka kwenda malishoni. Tano, kamera ikianguka, iache. Yaweza kununuliwa nyingine. Sita, uliza kwanza ofisi ya kijiji na ofisa uvuvi kuhusu kibali na mipaka, maana ndani ya Hifadhi ya Udzungwa uvuvi umekatazwa, na tangu mwaka 2023 sehemu kubwa ya bonde imekuwa Pori la Akiba, yenye sheria zake.

Basi, ndugu wasomaji, wakati wa kiangazi haujapita bado kwa mwenye nia. Mwalimu atafute sahani na kamba, mzee awaonyeshe watoto mahali perege wanapochimba mashimo, na kijana mwenye kamera aiazime kwa saa moja kwa mwezi. Watoto waandike hesabu katika daftari, pamoja na tarehe na mahali. Hesabu ikipanda, tufurahi na kuendelea. Ikishuka, daftari lipelekwe kwenye mkutano wa kijiji na kusomwa kwa sauti, wakati mabwawa bado yana mbegu ya kubakiza.